Habari za Mji wa Garissa na Mtaa Wetu wa Waberi

Taarifa ya mwaka huwa na hesabu za ada na za mazishi, nasi hatukuona vibaya kutenga ukurasa mmoja kwa habari za mji wenyewe; maana vijana wetu wengi waijua Garissa kwa soko la mifugo na daraja tu.

Waberi kwa Kisomali ni alfajiri, na mtaa wa jirani, Iftin, ni mwanga. Majina hayo ni ya watu wenye kutazamia mema. Lakini chanzo cha mji si mitaa, ni mto. Wamunyoyaya, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioroma, walikuwa wakilima ukingoni mwa Tana na kuvua samaki kabla ya ofisi yo yote kujengwa. Wasomali wafugaji, Waabudwak na Waaulihan miongoni mwao, waliteremsha ngamia na ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi kwa njia ziitwazo malka, wakabadilishana maziwa kwa nafaka. Hapo ndipo ujirani ulipoanza, na haukuandikwa na karani.

Serikali ya Kiingereza ilipowakabidhi Wataliana nchi ya Jubaland mwaka 1925, Kismayu ikawa ng'ambo ya mpaka. Mwaka uliofuata sheria ikaifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaukaza mkono wa serikali zaidi. Hakuingia mgeni pasipo kibali, wala mwenyeji hakutoka hivi hivi. Hapana shaka jambo hilo ndilo lililotuchelewesha katika shule na biashara, kuliko ukame wo wote. Hata hivyo vita vilipofika, mlango ulifunguliwa upesi: mapema mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yaliondokea ukingo wa Tana, Garissa ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na Kismayu ikatwaliwa tarehe 14 Februari.

Mwaka 1961 mto ulifurika vibaya sana. Mwaka 1962 tume ikaja kuuliza maoni ya watu. Walio wengi walitaka kuungana na Somalia, lakini mwaka 1963 Uingereza ikaamua eneo libaki Kenya, na Garissa ikawa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Tarehe 28 Desemba mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya mashifta vilidumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia. Lakini amri za hatari hazikuondolewa hata 1991.

Katika miaka hiyo yalitokea mambo ambayo wazee huyataja kwa sauti ya chini. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto na askari, na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao upya, kana kwamba jana ndiyo waliyozaliwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika taarifa yake ya mwaka 2013, na twaona ni vema yawemo katika kijitabu chetu pia.

Sasa turudi kwenye malka. Kwa maoni yetu huo ndio urithi mkubwa kuliko jengo lo lote la mjini. Mashamba ya ndizi na maembe yameongezeka, nyumba zimeongezeka, na njia ya mnyama kwenda majini haina hati. Mwaka 2012, huko Tana Delta, zaidi ya watu 100 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na maji na malisho yalikuwa katika chanzo chake. Basi twawaomba wazee wazijuao malka za upande wetu wazitaje kwa karani wa chama, kila moja kwa jina lake, inapoanzia, mti ulio karibu, na ukoo uliokuwa ukiitumia, ili ziandikwe wangali hai waliozipita.