Saa ya Kazi na Saa ya Nyumbani

Msomaji, hesabu ya saa uliyoirithi katika lugha ya Kiswahili ni hesabu ya jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo wazee wa pwani waliianza siku palipoanza mwanga, na saa ya kwanza baada ya mapambazuko wakaiita saa moja. Wala usidhani kwamba kuamka mapema kuliletwa na wageni. Tangu kale jogoo alipowika watu waliinuka, mume akaenda kufyeka au kuchunga, mke akateka maji na kushika jembe. Kazi ilikuwa nyingi, tena ngumu, na mara nyingi mzigo mkubwa zaidi ulikuwa wa mke. Walakini wote wawili waliishi katika siku moja. Mvua iliponyesha iliwanyeshea wote, na mtoto alipougua wote walijua kabla ya jua kutua. Nataka kukueleza jinsi siku hiyo moja ilivyopasuliwa ikawa mbili.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899 ikafika Nairobi, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria. Pamoja na reli ilikuja saa isiyomngoja mtu. Injini ya mvuke iliyopoa huhitaji kukokewa moto kwa saa kadhaa kabla maji yake hayajapata nguvu ya kuvuta mabehewa. Basi gari la moshi lililoondoka alfajiri lilikuwa na mtu aliyeamka usiku wa manane ili kuliandaa, na kama mtu huyo alikuwa na mke karibu, mke aliamka kabla yake ili kumpikia uji. Abiria walisikia honi tu. Hawakuuona moto wa jikoni uliotangulia moto wa injini.

Mashambani nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Matunda ya kahawa yaliyochumwa leo hutakiwa kumenywa leo, yasije yakachacha. Majani mabichi ya chai hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, yasije yakaharibika. Kwa sababu hiyo, katika mashamba makubwa ya Thika, Kiambu na Kericho, kazi ilianza asubuhi na mapema, na watu waliitwa kwa kengele, ambayo pengine ilikuwa kipande cha chuma tu kilichotundikwa mtini. Mama aliyekwenda kuchuma alimbeba mtoto mgongoni, au alimwachia dada yake mkubwa amlee. Fikiri, ewe kijana, ni wasichana wangapi waliokosa masomo kwa kuwa kengele ya shamba ililia kabla ya kengele ya shule.

Huenda ukauliza: Kwa nini mtu aliacha shamba lake akaenda kuifuata saa ya mtu mwingine? Wengine walivutwa na fedha, nguo na elimu ya watoto. Lakini wengi walisukumwa na kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, nayo ilihesabiwa kwa idadi ya nyumba. Mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara mbili. Kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha, na fedha kwa kawaida zilipatikana kwa ajira. Hapa, msomaji, tazama kwa makini. Serikali ilipotoza kodi ilizihesabu nyumba za wake zote. Lakini mishahara ilipopangwa, mtu yule yule alihesabiwa kuwa hana mke. Kipimo kilikuwa mahitaji ya mwanamume mmoja peke yake: chakula chake, blanketi lake, na mahali pa kulala. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto watajilisha wenyewe kwa jembe huko kwao.

Nyumba za mjini zilijengwa kwa kipimo hicho hicho. Nairobi wafanyakazi wengi waliishi katika vyumba vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, kama vile vya reli huko Muthurwa, au walikodi mahali pa kulala katika chumba cha watu kadhaa. Mke alipokuja kumtazama mumewe hapakuwa na faragha wala pa kuweka watoto. Hivyo ndoa nyingi zikawa za barua na likizo. Mume alituma fedha kwa posta, na asiyejua kuandika alimwomba rafiki amwandikie. Neno la siri la mke na mume likapita kwanza masikioni mwa mtu wa tatu.

Huko nyumbani nako mke hakubaki na kazi zake za zamani tu. Aliongezewa kufyeka, kuezeka, kuangalia ng'ombe na kukata mashauri ambayo zamani wangeyakata wawili. Mume naye alitaka kuendelea kuamuru kwa barua, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Alipokuja likizo alikuta watoto wanamsikiliza mama. Wako waliofurahi kupata mke shujaa, na wako waliokasirika wakidhani wameporwa heshima. Kwa kweli hakuna aliyempora mwenziwe. Ni saa iliyowatenga.

Wala mume hakuwa na uhuru wa kurudi wakati wa kupanda. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mmoja aliyetimiza umri alipewa kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Humo tajiri aliandika siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Aliyeondoka bila kuandikiwa aliweza kutafutwa na kushtakiwa, hata kama aliitwa na mvua au na uzazi wa mkewe.

Mombasa palikuwa na namna nyingine. Mtu wa kazi ya kutwa aliitwa kibarua, kwa ajili ya kile kikaratasi cha kuhesabia siku zake. Asubuhi vibarua walikusanyika kwenye malango ya bandari wakingoja kuchaguliwa. Siku za meli nyingi wote walipata. Siku za meli chache wengi walirudi mikono mitupu. Mke aliyebaki chumbani hakujua kama ateleke chungu au asubiri. Mume akirudi mapema ilikuwa dalili ya njaa. Akichelewa ilikuwa dalili ya chakula.

Tarehe 13 Januari, 1947, wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, katika reli, mahotelini na majumbani, wakawa wakikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili, na chama chao kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye baadaye mwaka huo alikamatwa. Walidai mishahara bora, na ndani ya dai hilo mlikuwa na dai la nyumba zao: kwamba kibarua ni mume na baba pia. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa chini upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto, si ya mtu mmoja. Pendekezo halikugeuza maisha mara moja, lakini lililokuwa limefichwa lilikubaliwa kwa maandishi: saa ya kazi haimchukui mtu mmoja, bali nyumba nzima.

Baada ya Uhuru, sheria imeendelea kulikubali jambo hilo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mwajiriwa aliyejifungua likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na baba majuma mawili. Tena huamuru kwamba kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ukizisoma siku hizo katika kitabu cha sheria utaziona ni hesabu kavu. Lakini sasa unajua zinasimama badala ya nini.

Basi, msomaji, usiihukumu haraka ndoa ya babu aliyekaa mbali, wala usimwone bibi kuwa mkali kwa kuwa alizoea kukata shauri peke yake. Ukitaka kujua historia ya kazi katika nchi yetu, usiulize tu nani aliyejenga reli na nani aliyepanda kahawa. Uliza pia nani aliyeamka kwanza, nani aliyebaki nyumbani, na walikutana saa ngapi.