Ndege za Uingereza katika vita vya Ziwa Tanganyika

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu pale Cyangugu na kuteremka karibu mita 700 hadi kuingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, bonde hilo lilitenganisha majeshi mawili: Wabelgiji wa Kongo magharibi, Wajerumani mashariki. Aprili, brigedi ya Kanali Frederik Olsen iliingia Cyangugu. Tarehe 6 Mei, wenzao wa Kanali Molitor, waliotokea kaskazini, waliiteka Kigali.

Ziwani, hata hivyo, Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Kigoma na kuungwa upya mwaka 1915. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kutoka manowari Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji. Wabelgiji walihitaji njia ya kuifikia bandarini, na Uingereza ikawapa ndege nne aina ya Short 827.

Zilikuwa ndege za majini zenye mabawa yaliyopangwa ghorofa mbili, kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, injini moja ya Sunbeam yenye nguvu za farasi 150, na maboya mahali pa magurudumu. Zilivuka Kongo kwa reli na kwa meli za mtoni mpaka Mtoa, ufukwe wa magharibi wa Tanganyika. Huko mawimbi yaliyapiga maboya vibaya, kambi ikahamishiwa Tongwe, kwenye maji matulivu. Bado kupaa kulikuwa kazi: ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika joto lile hewa ilikuwa nyepesi, injini ikikosa nguvu na mabawa yakikosa cha kuegemea.

Tarehe 10 Juni, rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa na kuishambulia Kigoma kwa mabomu. Wabelgiji walidai kuipiga Götzen, ambayo kufikia hapo ilikuwa imeshang'olewa mzinga wake mkubwa ukatumike nchi kavu. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe, na siku mbili baadaye Kigoma ikatekwa. Behaeghe alifariki kwa ugonjwa huko Kongo Desemba mwaka huohuo. Meli iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ndege hizo zilitia hofu, lakini hazikuiteka nchi. Waliovuka Rusizi walikwenda kwa miguu: askari Waafrika wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji wa Kongo, na nyuma yao maelfu kwa maelfu ya wapagazi wenye risasi na chakula kichwani. Wengi wa wapagazi hao waliuawa na njaa, uchovu na maradhi. Majina ya marubani na meli yamehifadhiwa. Ya wapagazi hayakuandikwa. Anayesimulia mwaka 1916 katika eneo hili ana deni la kuanza nao.