Gari linapovuta kando dereva akikanyaga mafuta

Dereva wa Volkswagen Golf GTI, au gari lolote lenye nguvu linalovutwa na magurudumu ya mbele, huijua hali hii: akikanyaga mafuta ili kuipita matatu katika Waiyaki Way, Westlands, usukani humvuta mikono na gari kuelekea kando.

Chanzo kimo katika umbo la gari lenyewe. Injini imekingama na giaboksi ikakaa upande mmoja, hivyo shafti mbili za magurudumu hutofautiana kwa urefu. Ile fupi hupinda zaidi, na nguvu ya injini inapopita humo hulisukuma gurudumu ligeuke. Watengenezaji wengi huongeza shafti ya kati ili kuzilinganisha. Mwaka 2009, Ford iliiwekea Focus RS, yenye takriban nguvu za farasi 300, kiungo maalumu cha gurudumu kiitwacho RevoKnuckle.

Likianza kuvuta gari ambalo awali lilitulia, shida aghalabu ni uchakavu. Fundi aanze na matairi ya mbele: aina moja, upepo sawa, yamelika sawa. Kisha akague bushi za mikono ya chini na raba zinazoshikilia injini. Kupanga magurudumu bushi zikiwa zimekufa ni kutupa pesa, ingawa gereji nyingi huanzia hapo. Kuongeza msukumo wa turbo huzidisha tatizo.

Gari likivuta hata lisipokanyagwa mafuta, hilo ni jambo jingine: huenda breki ya upande mmoja imeng'ang'ania.