Mapishi Yaliyosafiri Bila Simu

Mwaka 1226, mjini Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Hapakuwa na Facebook (2004) wala Instagram (2010). Je, kiliwafikiaje watu? Kilinakiliwa kwa mkono. Karne ya 15, tabibu Muhammad Shirvani wa dola ya Uthmaniya akakifasiri kwa Kituruki na kuongeza mapishi mengine. Mwaka 1939 A. J. Arberry akakitoa kwa Kiingereza. Wasomaji wenyewe ndio waliokisafirisha.

Sasa wewe kijana unayeweka picha za futari mtandaoni upate wafuasi, hebu chukua funzo. Mtu humpelekea mwenzake pishi alilolijaribu likamtokea. Basi andika vipimo kamili, si "unga kiasi" tu. Kaimati ukifunzwa na bibi, mtaje. Picha ya mwenzio usiifanye yako, hiyo ni khiyana. Na kabla hujabonyeza simu, peleka sahani kwa jirani. Maelfu wakupende mtandaoni, na jirani afuturu kwa maji matupu? Itakufaa nini? Ramadhan Kareem.