Nilivyoitwa Oliver: Historia Fupi ya Pamba Zetu

Nikiwa kidato cha pili, siku ya kufunga shule, nilivaa koti la jinzi ambalo mathe alininunulia Toi. Manze, nilikuwa nimepiga luku! Alafu jamaa mmoja akageuza kola, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa ndani kwa wino: Oliver. Mimi si Oliver. Muhula wote uliofuata niliitwa Oliver, na hilo koti sikulivaa tena. Mathe aliuliza mara moja tu mbona silivai. Nikamwambia linanibana.

Leo nataka kuongea juu ya hilo koti, juu nimekuja kujua ile aibu ina historia ndefu kuniliko.

Tuanzie mbali kidogo. Miaka ya 1830, wafanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa cha pamba, kigumu na cha bei nafuu. Watu wakakiita merikani, kwa sababu kilitoka Marekani, na misafara ikakibeba hadi bara. Kule Zanzibar, merikani na kaniki ndizo zilikuwa nguo za watumwa. Ukimwona mtu na kaniki yake, ulishajua amewekwa wapi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, moja ya vitu ambavyo waliokuwa watumwa walikimbilia ni nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunga kanga za rangi. Pesa hazikuwa nyingi. Lakini walijua nguo inaongea kabla hujafungua mdomo, na wakaamua yao iseme kitu kingine.

Kwa hivyo mtu akikuambia kujipanga vizuri na pesa kidogo ni ushamba wa vijana wa siku hizi, mwambie tulianza kitambo.

Sasa turudi Kenya. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali ilizuia nguo nyingi za kutoka nje ili viwanda vya hapa vikue. Kisumu kulikuwa na Kicomi, Eldoret kulikuwa na Rivatex, Nanyuki kulikuwa na Mountex. Wakulima walipanda pamba, viwanda vikasokota uzi na kufuma vitambaa. Babu yangu alifanya kazi kwa kiwanda kimoja cha nguo huko Bonde la Ufa, na mpaka leo akishika shati lazima kwanza alisugue na vidole viwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Mitumba ikaingia kwa makontena. Viwanda vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Lakini tuseme ukweli wote: mitumba haikuua peke yake. Kulikuwa na mashine zilizozeeka, stima ya bei ghali, usimamizi mbaya, wakulima wasiolipwa kwa wakati, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia. Rivatex ilianguka kabisa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafunguliwa upya 2019. Sheng ina utani wake mchungu hapo: nguo kali tunaziita pamba, na pamba yenyewe ndiyo tuliipoteza.

Hiyo ndiyo sababu swali la mitumba halina jibu rahisi. Mwaka 2016, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole hadi iishe 2019. Chama cha wauzaji wa nguo kuukuu huko Marekani kikalalamika mwaka 2017, kikidai kazi 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Marekani ikakumbusha kila mtu kuhusu AGOA, ule mpango uliokuwa ukiruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilikuwa na viwanda vya kushona jinzi za soko hilo pale Athi River, kwa hivyo ikarudi nyuma haraka. Rwanda ilikataa, na 2018 ikanyimwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Wazia hiyo: jinzi mpya inashonwa Athi River, inaenda Marekani, na ikichoka inaweza kurudi Mombasa ndani ya beli.

Alafu 2020 serikali ikafunga mitumba kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona. Na Juni 2022, Raila Odinga akizindua manifesto yake, alizungumzia mitumba kama nguo za watu waliokufa. Kelele ilikuwa kubwa hadi akalazimika kufafanua kwamba hana nia ya kuwanyima watu kazi. Lakini hayo maneno hayakuanza na yeye. Watanzania wa zamani waliita mitumba "kafa Ulaya". Na kwa shule yetu, jina lake lilikuwa Oliver. Ni aibu ileile, inabadilisha majina tu.

Jumamosi iliyopita nilitoka Kangemi, nikapitia Kawangware, nikashukia Adams na kuingia Toi na soo tano mfukoni. Kama hujui vile soko linafanya kazi, sikia. Beli huwa na karibu kilo 45, na muuzaji huinunua ikiwa imefungwa, bila kujua kilicho ndani. Siku ya kufungua, nguo safi kabisa zinatolewa kwanza. Hizo zinaitwa kamera. Wenye vibanda vya mjini, kule Moi Avenue, wanazichukua, wanazipiga pasi, wanazitundika chini ya taa, na bei inapanda. Zikibaki zile za katikati, bei inashuka. Za mwisho kabisa zinaitwa fagia, na hizo ni za kumwagwa chini na kuinamiwa.

Ujanja uko hapo katikati. Jua siku beli inafunguliwa. Angalia mshono na kwapa kabla ya kuuliza bei. Usicheke na rangi, cheka na saizi, juu saizi inarekebishwa: kuna fundi wa cherehani palepale sokoni. Mimi nilipata suruali ya kitambaa kwa soo mbili, fundi akapunguza miguu kwa soo moja, na soo mbili zikabaki za nauli na chapati.

Nikiwa nimekaa nangojea fundi, ndio ilinijia. Yule mama anayeuza, yule fundi, yule jamaa wa mkokoteni aliyeleta beli, wote wanakula kutoka kwa hiyo suruali. Na babu pia alikula kutoka kwa kitambaa. Sitaki kuchagua kati yao. Nataka kiwanda kirudi, na nataka mama wa Toi asiamke siku moja akute biashara yake imefungwa kabla hicho kiwanda hakijafunguliwa. Anayetuambia tuchague mmoja, aanze kwa kutuonyesha shati la hapa ambalo mtu wa Kangemi anaweza kulinunua.

Lile koti bado liko. Mathe alilihifadhi chini ya sanduku miaka yote hiyo, na kumbe alijua halikuwa linabana. Nilipomuuliza kama alikuwa ameona jina, akasema aliliona sokoni, akajaribu kulitoa na sabuni, likakataa. Alikuwa amelipia soo nne, pesa za siku mbili za kufua nguo za watu.

Sasa linanibana kweli. Nimempa ndogo wangu, na amekataa nisifute jina.