Pembe Mbugani: Historia ya Maana za Neno "Pembe" na Ushahidi wa Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maana za neno pembe kwa kutumia ushahidi wa kisarufi pamoja na ushahidi wa kihistoria kutoka uwanda wa Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Yanabainisha njia tatu zilizolitoa neno hili katika kichwa cha mnyama na kulipeleka kwingine: umbo, matumizi na soko. Hoja kuu ni kwamba pembe kwa maana ya bidhaa haielezeki kwa mfanano wa umbo pekee. Biashara ya karne ya 19 ndiyo iliyoliondolea neno kijalizo chake na kuligeuza kuwa nomino ya wingi, isiyohesabika. Makala yanapendekeza kwamba kamusi zetu ziionyeshe historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta katika 1 Wafalme 10 kwamba kiti cha enzi cha Suleimani kilikuwa cha pembe. Akifika Danieli 7, hukutana na mnyama mwenye pembe kumi. Tahajia ni ileile, na ngeli ni ileile. Hata hivyo, hakuna msomaji mzoefu anayedhani kwamba kiti kile kiliundwa kwa pembe za ng'ombe, wala kwamba mnyama yule alikuwa na meno kumi ya tembo. Maana hizo mbili huzitenganisha bila kusita, japo akiulizwa amezitenganishaje huenda akakosa jibu.

Kamusi zetu hazimsaidii sana. Tangu ile ya Johnson (1939) hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981), desturi imekuwa kuzipanga maana za kidahizo kwa namba. Utaratibu huo una manufaa yake, lakini huzifanya maana zionekane kama ndugu waliozaliwa siku moja. Makala haya yanadai kwamba maana za pembe zina umri tofauti na asili tofauti, na kwamba mojawapo ilikomaa kwa gharama kubwa ya uhai wa watu na wanyama. Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umechaguliwa kwa sababu hapo maana mbili za neno hili, ile ya wafugaji na ile ya wachuuzi, zilikutana katika kipindi ambacho historia yake imeandikwa vizuri.

2.0 Njia mbili za kale: umbo na matumizi

Njia ya kwanza ni umbo. Pembe ya ng'ombe huchomoza na kuishia kwenye ncha, na kwa mfanano huo neno limehamia mahali ambapo kuta mbili au mistari miwili hukutana. Ndipo tunapopata pembe za chumba, pembe nne za dunia, na istilahi za hisabati kama vile pembetatu, pembe kali na pembe butu. Kwa kiambishi -ni, neno limevuka kutoka nomino kwenda kielezi: mtu hukaa pembeni, na jambo huwekwa pembeni. Katika maandishi ya sayansi ya jamii limezaa pembezoni, neno tunalolitumia kuelezea jamii zilizo mbali na kitovu cha mamlaka.

Uhamisho huu si wa Kiswahili peke yake. Neno kona, tulilolikopa kutoka Kiingereza, asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya pembe ya mnyama, lililoingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Kwa hiyo mtangazaji wa mpira asemapo kwamba timu imepata kona, anataja pembe bila kujua. Karne nayo inastahili kutazamwa. Umbo la Kiarabu qarn, ambalo ndilo asili yake, hubeba maana ya pembe na pia ya kizazi au miaka mia. Wasomaji wa Sura ya Al-Kahf wanalifahamu jina la Dhulkarneini, ambalo wafasiri wamelijadili kwa kurejelea maana zote mbili.

Njia ya pili ni matumizi. Pembe iliyotobolewa hupulizwa, na hivyo ikawa jina la chombo cha kuitia watu. Katika pwani ya kaskazini, chombo hicho kilipanda cheo na kuwa alama ya utawala: Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na Siwa ya Lamu ikafuliwa kwa shaba. Honi ya gari nayo ni neno la Kiingereza la pembe, lililofika kwetu baada ya mnyama kusahaulika.

Mfano wenye mvuto zaidi kwa wanafasihi ni chuku. Maana yake ya zamani ni pembe ya kuumikia, ambayo mganga huibandika juu ya ngozi iliyochanjwa ili kufyonza damu. Ngozi iliyoumikwa huvimba kupita ukubwa wake wa kawaida. Ni rahisi kuona jinsi kupiga chuku kulivyokuja kumaanisha kutia maneno chumvi, na jinsi wahakiki walivyolifanya neno hilo kuwa istilahi ya tamathali inayokuza jambo kuliko uhalisi wake. Kila muhula tunapofundisha chuku darasani, tunafundisha kifaa cha mganga.

Kuna pia nahau ya kuota mapembe, isemwayo kuhusu mtu aliyeanza kiburi au ukaidi. Hapa umbo na matumizi hukutana, kwa kuwa pembe ni silaha ya ndama anayekuwa fahali. Wingi wa ma- unaongeza ukubwa na dharau. Katika mifano yote hii, pembe inahesabika: moja, mbili, nne au kumi.

3.0 Njia ya tatu: soko

Kibayolojia, kinachotoka mdomoni mwa tembo ni jino. Pembe ya nyati ni ala ngumu inayofunika mfupa wa fuvu. Pembe ya kifaru, ambayo wachuuzi waliipa jina lake mahususi la kipusa, haina mfupa ndani yake. Kiingereza kina maneno matatu yasiyofanana kwa pembe ya ng'ombe, jino la tembo na dutu inayochongwa. Kichewa, kwa upande wake, hutumia mzizi mmoja lakini hutenganisha maana kwa ngeli: nyanga ni pembe ya mnyama, ilhali mnyanga, na wingi wake minyanga, ni jino la tembo. Kiswahili kimelibakiza neno moja katika ngeli moja, na kazi ya kutofautisha kimewaachia kijalizo na muktadha.

Kijalizo hicho ni ya ndovu. Inawezekana kabisa kwamba kuliita jino la tembo pembe ni desturi ya kale kuliko biashara yoyote ya mbali, kwani macho huona kitu kilichopinda na kuchongoka kabla hayajauliza kimeota wapi. Makala haya hayapingi jambo hilo. Kinachohitaji maelezo ni hatua iliyofuata, ambapo pembe peke yake, bila ndovu, ikatosha kutaja bidhaa.

Ushahidi mzuri umo katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, iliyochapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Humo pembe huonekana tena na tena bila kijalizo, nayo hupimwa kwa frasila, kipimo cha ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Hili ni badiliko la kisarufi. Pembe za ng'ombe huhesabiwa, lakini pembe ya mchuuzi hupimwa kama karafuu au mpunga. Ndiyo maana twaweza kusema kiti cha pembe kama tusemavyo kiti cha dhahabu: neno limekuwa jina la dutu. Pale ambapo kipande kimoja kilihitaji kutajwa, lugha ya soko ilikuwa na majina mengine: buri kwa kubwa na kalasha kwa ndogo. Majina hayo yalipanga mali kwa ukubwa. Hayakumtaja mnyama.

Msomaji wa 1 Wafalme na Danieli, basi, anaongozwa na sarufi. Pembe yenye idadi ni ya kichwani. Pembe ya dutu ni ya sokoni. Swali linalobaki ni la kihistoria: ni maisha gani yaliyoufanya ufupisho huo uwe wa kawaida?

4.0 Mbugani: ng'ombe, Kyungu na Mlozi

Uwanda wa Kyela umelala kati ya milima ya Rungwe, milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, na mto Songwe unautenganisha na nchi ya Wangonde, iliyo Malawi leo. Wanyakyusa na Wangonde ni watu wa karibu kwa lugha na kwa mila. Katika jamii zao, kama Monica Wilson alivyoonyesha katika Good Company (1951), ng'ombe walifunga ndoa, walisindikiza maiti na kupima heshima ya mtu. Kwa mfugaji wa hapa, maana ya kwanza ya pembe haikuwa fumbo: ilikuwa juu ya kichwa cha mnyama aliyemjua kwa rangi yake.

Lakini ufuko huohuo ulikuwa pia nchi ya tembo. Godfrey Wilson, katika utafiti wake kuhusu katiba ya Ngonde (1939), alieleza jinsi Kyungu, mtawala aliyekaa Mbande akiwa ametengwa kwa miiko ya utakatifu, alivyopata nguvu za kidunia kupitia biashara ya pembe iliyovuka ziwa. Nguo zilizoingia kwa njia hiyo ziliweza kugawiwa wakuu, na ugawaji ukajenga utii. Hapa pembe ilikuwa imeshatoka katika uwanja wa mfugaji na kuingia katika uwanja wa siasa.

Katika miaka ya 1880 wachuuzi wa Kiswahili na Kiarabu walijijenga karibu na Karonga chini ya Mlozi, mwenye boma Mpata. Kampuni ya Kiskoti ya African Lakes ilikuwa imefungua kituo Karonga mwaka 1884 ili kununua mali yao. Mwaka 1887 pembe zilirundikana hapo kwa sababu kampuni haikuwa na bidhaa za kutosha kuzilipia, na wachuuzi waliokuwa wakingoja malipo, pamoja na watu wao wenye silaha, waliongezeka katika nchi ya watu wengine. Ugomvi na Wangonde ukawa vita. Oktoba 1887 Wangonde wengi waliuawa kwenye ziwa dogo la Kambwe. Mapigano yaliendelea hadi mapatano ya Oktoba 1889, na Mlozi mwenyewe alinyongwa na Waingereza mwezi Desemba 1895. Kati ya matukio hayo mawili, mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka.

Si kwamba neno lilisababisha vita. Madai yetu ni madogo zaidi na, kwa maoni yetu, ni imara zaidi: pembe bila kijalizo ni lugha ya watu waliokutana na tembo akiwa ameshakuwa mzigo. Aliyeona frasila ghalani Karonga, au aliyeona vibonyezo vya piano katika viwanda vya Connecticut vilivyonunua pembe kutoka Unguja, hakulazimika kumfikiria tembo. Wala hakulazimika kumfikiria mpagazi wala Mngonde. Ufupisho wa neno ulifuata urefu wa njia: kadiri bidhaa ilivyosafiri, ndivyo jina lilivyopungukiwa na mwenyewe.

5.0 Meno ya tembo: kijalizo kinaporudi

Baada ya nchi wanachama wa CITES kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1989, mwaka uleule wa Operesheni Uhai nchini Tanzania, bidhaa iligeuka kuwa kielelezo mahakamani. Katika lugha ya sheria na ya magazeti, pembe peke yake haitoshi tena. Huandikwa pembe za ndovu, na mara nyingi meno ya tembo. Kisheria zimo katika kundi la nyara za serikali. Hesabu za tembo Tanzania zilipoonyesha kushuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, meno ya tembo lilikuwa limeshazoeleka katika taarifa za habari.

Wapo watakaosema kwamba badiliko hili ni usahihi wa kisayansi tu. Tunaona ni zaidi ya hapo. Meno ni nomino inayohesabika. Kila tembo ana mawili, kwa hiyo anayetaja idadi ya meno anamlazimisha msikilizaji kugawanya kwa mbili na kuwahesabu waliokufa. Sarufi iliyofutwa na frasila imerudishwa, na mnyama amerudi pamoja nayo.

6.0 Hitimisho

Pembe limepita njia tatu. Umbo limetupa pembetatu na pembezoni. Matumizi yametupa siwa na chuku. Soko limetupa dutu isiyo na mwenyewe. Kamusi ijayo inaweza kuyaonyesha haya bila kuongeza kurasa nyingi: itenganishe pembe inayohesabika na pembe ya dutu, iitie alama ya kibiashara maana ya pili, na imrejeshe msomaji kwenye kipusa, buri, kalasha na meno ya tembo. Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huitwa leo eneo la pembezoni. Kwa mwanaleksikografia, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapo mfugaji na mchuuzi walisema neno moja na kila mmoja akamaanisha lake.