Upemba: barabara ya kupanda kwa punda milia

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi za lami, gari yoyote inapita. Ukiendelea kaskazini, upande wa Mitwaba, barabara ni ya udongo. Hapo inafaa jeep, na wakati wa mvua hata jeep inakwama.

Juu kabisa, kwenye milima ya Kibara, kuko Lusinga, kituo cha mbuga ya Upemba, zaidi ya mita 1,700. Miti inapungua, nyasi zinafunika vilima, baridi ya asubuhi ni ya koti. Punda milia wa asili wa Kongo, wale ambao hawakuletwa na mwenye shamba, wamebaki huko tu.

Mbuga iliundwa 1939. Mu Desemba 2012 watu wenye silaha walimuua mkuu wake. Tangu 2017 ICCN inaiendesha pamoja na shirika Forgotten Parks, lakini majangili hawajaisha, na punda milia ni wachache.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha motokari, uliza ICCN kama njia ni salama. Jibu la mwezi uliopita halitoshi.